Kabla Hujamruhusu Fundi Afungue Pampu: Trekta Kuukuu Linapokataa Kuwaka Asubuhi ya Baridi



Baridi imeingia na simu zimeanza. Kwa siku chache hizi nimepigiwa kutoka Mbalizi, Igurusi, Mafinga na Ilula, na swali ni lile lile: "Bibi shamba, trekta langu ni la zamani, asubuhi linakataa kuwaka, fundi anasema pampu imekufa, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka sauti imekauka, nikaona bora niandike hapa, kila mwenye trekta asome kwa utulivu na amsomee dereva wake.

Najua wapo watakaouliza, bibi shamba na pampu ya dizeli wapi na wapi? Kazi yangu mnayoijua ni mbegu, mbolea na viwavijeshi. Lakini huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei hivi. Shamba lililochelewa kulimwa halina msimu wa pili wa kulikomboa. Ninaweza kukufundisha nafasi za kupandia mpaka jua lizame, lakini kama trekta la kijiji limelala chini ya mwembe na pampu yake iko mjini inasubiri vipuri, mafunzo yangu ni maneno matupu. Tena zana za kilimo tulizisoma Uyole darasani na karakana, na miaka yote hii nimeendelea kuchafua mikono.

Ninazungumzia matrekta ya mtindo wa zamani: Massey Ferguson 135, 165 na 290 zenye injini ya Perkins, Ford 5000, na zile Valmet zilizokuwa zinaunganishwa Kibaha miaka ya 1980. Yapo mengi kuanzia Isimani hadi Usangu, mengine yana umri kuliko madereva wake. Hayana kompyuta wala sensa, na hiyo ni bahati yako, kwa sababu karibu kila kitu unaweza kukiona kwa macho, kukigusa au kukinusa.

Kwanza tuelewane jinsi injini ya dizeli inavyowaka. Ya petroli ina plagi inayotoa cheche. Dizeli haina plagi. Pistoni inaikamua hewa mpaka inabaki sehemu moja kati ya kumi na sita hivi ya ujazo wake wa mwanzo, na hewa iliyobanwa namna hiyo kwa haraka inakuwa ya moto mkali. Hapo nozeli inapuliza dizeli kama ukungu, nayo inawaka yenyewe. Kwa hiyo injini inataka vitu vitatu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, hewa ndani ipate joto la kutosha, na dizeli safi ifike kwa wakati wake. Pampu ya injekta inahusika na hicho cha tatu peke yake. Hivyo viwili vya mwanzo haviihusu hata kidogo. Ndiyo maana ninashangaa kila trekta linapokataa kuwaka, mtu wa kwanza kushtakiwa ni pampu, ambayo ndiyo kifaa cha gharama kuliko vyote pale ubavuni mwa injini.

Sasa tazama tunapoishi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mafinga ni juu zaidi, na ukipanda Kitulo unapita mita 2,600. Kwa mwinuko wa Mbeya peke yake, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Pistoni inabana hewa pungufu, tena ya baridi. Oili imeganda na kuwa nzito, injini inakuwa ngumu kuzunguka. Na betri nayo, kadiri baridi inavyozidi, ndivyo nguvu yake inavyopungua. Trekta lile lile ukilishusha Morogoro linaweza kuwaka kwa mguso mmoja. Huku kwetu kila udhaifu mdogo unaonekana saa kumi na mbili asubuhi ya Julai.

Kabla hujashika spana yoyote, simama mahali unapoona bomba la moshi, mwambie dereva apige stata, kisha uangalie moshi. Gia iwe huru na klachi ikanyagwe. Asipige zaidi ya sekunde kumi au kumi na tano, halafu aiache stata ipumzike dakika moja au mbili. Wakati huo wewe huna kazi nyingine ila kutazama juu.

Kama hakuna moshi wowote, dizeli haifiki ndani ya silinda. Kama unatoka moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, basi dizeli inafika lakini haiwaki. Usiuchanganye na mvuke wa kawaida wa asubuhi ambao hauna harufu na hauchomi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa, na dawa ya moja haitibu jingine. Mtu akija na spana kabla hajauangalia moshi, mpe kiti na chai kwanza.

Nikupe mfano. Mwaka juzi mwezi Julai nilikuwa Mufindi kwa mafunzo ya wakulima. Kuna kikundi cha akina mama kule kina Massey Ferguson 165 walilonunua likiwa limeshatumika sana. Kati ya Juni na Agosti linabeba mahindi kwa tela kutoka mashambani, na fedha hiyo wanaiweka kwa ajili ya mbolea ya kupandia. Nilipofika, mweka hazina wao alinipokea.

"Kamwene, bibi shamba."

"Kamwene, mama. Habari za kazi?"

"Kazi imelala. Trekta haliwaki asubuhi, mpaka jua litoke au livutwe na gari. Leo fundi anang'oa pampu aipeleke mjini. Tumeshakubaliana tutoe hela ya mbolea."

Nilimuuliza kiasi, akaniambia. Ilikuwa karibu hela yote.

Fundi alikuwa kijana mwenye adabu na anayejua kufunga boliti zake. Hakuwa tapeli, na ninalisema hili kwa sababu wakulima wengi wakisoma habari kama hizi wanakimbilia kumwita fundi mwizi. Hoja yake ilikuwa kwamba mchana linawaka, asubuhi haliwaki, kwa hiyo pampu imechoka. Nikamwomba tusubiri mpaka kesho yake asubuhi, tuliwashe kabla ya jua, tuangalie pamoja.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa pale, ukungu umetanda hadi chini ya miti ya chai. Dereva akapiga stata. Injini ikazunguka kwa uchovu, kama mtu anayepandisha mlima na gunia la viazi mgongoni. Na bomba likatoa moshi mweupe, mzito, machozi yakatutoka.

Nikamwambia, "Fundi, moshi huu unatoka wapi kama pampu haileti mafuta?"

Akanusa. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama, mafuta yanafika."

Basi pampu tukaiweka pembeni, tukarudi kwenye ule uchovu wa stata. Betri ilikuwa mpya, wote waliapa hivyo, na ilikuwa kweli. Lakini umeme unatoka betri, unapita stata, na lazima urudi betri kupitia bodi ya trekta na ule waya mnene wa ethi. Tukachukua waya wa kushtulia betri kwenye pikapu, mwisho mmoja tukaubana kwenye nguzo ya betri ile inayokwenda kwenye bodi, mwisho wa pili kwenye nati safi ya injini, mbali na feni. Dereva akapiga tena. Safari hii injini ilizunguka kwa namna nyingine kabisa, utadhani ni trekta jingine. Jaribio la pili ikakohoa, ikatapika moshi, ikawaka.

Ule waya wa ethi ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu, kwenye boliti ambayo mtu aliyepaka trekta rangi hakuona haja ya kuikwangua. Rangi nzuri kabisa, nyekundu. Tulifungua, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga, tukapaka grisi juu.

Asubuhi iliyofuata liliwaka, lakini kwa kubembelezwa. Ndipo tukaangalia hita. Injini nyingi za Perkins za wakati ule zina kifaa kidogo kilichochomekwa kwenye mnifoldi ya kuingizia hewa. Ukishikilia ufunguo kwenye nafasi ya hita kwa sekunde kumi na tano hadi ishirini, kifaa hicho kinapata moto na kuruhusu dizeli kidogo idondoke na kuwaka pale pale, kisha ukipiga stata hewa inaingia ndani ikiwa imeshapashwa. Madereva wengi hawajui kwamba ile nafasi ya ufunguo ina kazi. Kwenye lile trekta waya wake ulikuwa umekatwa na kuzungushiwa selotepu kwa ustadi mkubwa, na haijulikani ni nani wala lini. Fundi akauunganisha, akahakikisha kipaipu chake kinaleta dizeli. Siku ya tatu dereva alihesabu hadi ishirini kwa sauti, akapiga, likawaka kabla hajafika kumi. Gharama yote ilikuwa msasa, waya wa mita moja na nusu, na ufundi wa siku mbili ambao akina mama walimlipa vizuri kwa sababu aliukubali ushahidi. Mwezi wa tisa walinunua DAP.

Kwa hiyo ukiona moshi mweupe, anza na kasi ya stata: betri, vichwa vya betri, waya wa ethi, stata yenyewe. Angalia pia oili. Kama mtu ameweka nzito kuliko kitabu cha trekta kinavyosema kwa hali ya baridi, injini itazunguka kama imezama kwenye asali. Kisha nenda kwenye hita. Vyote hivyo vikiwa sawa na moshi bado ni mweupe, hapo ndipo tuanze kuwaza nozeli zinazodondosha badala ya kupuliza, valvu zisizofunga, au ringi zilizokwisha. Injini iliyochoka ringi haitaponywa na pampu mpya.

Nisipite bila kusema jambo la ile kopo ya etha ya kupulizia kwenye hewa. Inawasha, sikatai. Lakini kwenye injini yenye hita ya moto kama niliyoeleza, etha ikikutana na ule mwali ndani ya mnifoldi inalipuka, na mnifoldi ikipasuka uso wako uko karibu. Nimeona pia jiko la mkaa likiwekwa chini ya sampu ili oili ilainike, huku juu yake kuna bomba la dizeli linalovuja. Kama unataka kuipasha injini, mwaga maji ya rejeta na uweke ya vuguvugu, siyo yanayochemka. Inachukua muda, lakini ghala halitaungua.

Sasa tuje kwa trekta lisilotoa moshi kabisa. Hapa dizeli imekwama njiani, na wewe utaifuata kutoka tenki hadi nozeli kama unavyofuata mfereji wa maji shambani ukitafuta palipoziba. Lakini kabla ya hapo angalia kile kivuta cha kuzimia. Kwenye matrekta haya unavuta kamba ya waya kuzima injini, na waya huo ukishika kutu, kivuta kinarudi mahali pake pale kwenye dashibodi huku mkono ulioko kwenye pampu umebaki umezima. Nenda ubavuni, usukume ule mkono kwa kidole. Watu wameshapeleka pampu mjini kwa sababu hii, nawaambia.

Kisha mafuta yenyewe. Chota kidogo kutoka chini ya kikombe cha filta, uweke kwenye chupa nyeupe, uache itulie. Maji yatakaa chini, na utaona mstari. Usangu nilikuta trekta limelala wiki nzima katikati ya kazi ya mpunga, na kilichokuwa kwenye filta ni maji na tope kutoka kwenye dumu lililokuwa linachotea maji ya kunywa. Huku milimani maji yanaingia hata bila uzembe: tenki lililobaki nusu likilala nje, usiku wa baridi unyevu wa ile hewa iliyomo ndani unageuka matone na kushuka chini. Jaza tenki jioni, siyo asubuhi. Pipa la dizeli liinamishe kidogo, na usinyonye mpaka chini.

Kuhusu mafuta ya taa kuchanganywa kwenye dizeli, ndiyo moja ya sababu EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Ukinunua kwenye chupa za barabarani huna wa kumlaumu. Mafuta ya taa ni makavu, na pampu hizi hazina oili ya kulainisha vyuma vyake vya ndani, zinategemea dizeli hiyo hiyo. Trekta litawaka leo na kesho. Pampu itaonyesha mwaka ujao.

Mafuta yakiwa safi, fungua koki ya tenki na uone kama yanatiririka vizuri. Tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha tenki likiziba, trekta linawaka, linalima mistari michache, kisha linazimika kama limenyongwa. Ukifungua kifuniko na kusikia linavuta pumzi, umeshapata jibu. Halafu ile pampu ndogo ya kuvuta mafuta yenye mkono wa kupampu. Ukiupampu ukaona hauna uzito, zungusha injini kidogo kwa stata ujaribu tena, kwa sababu wakati mwingine umeikuta imesimama kwenye kilele cha kemu. Kama bado ni mlegevu, utando wake wa ndani unaweza kuwa umechanika. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa oili imeongezeka na inanuka dizeli, usiwashe injini hiyo mpaka utando ubadilishwe na oili imwagwe.

Ukishafungua sehemu yoyote kati ya hizi, hewa imeingia, na hewa inabanika, kwa hiyo pampu itaibana badala ya kusukuma dizeli. Kuitoa ni kwa mpangilio. Unaanza kwenye filta: legeza skrubu ya juu, pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Unahamia kwenye pampu ya injekta, ambayo kwa Massey nyingi ni ya CAV, ile ya duara. Ina skrubu mbili za kutolea hewa, moja chini ubavuni na moja juu. Anza ya chini, malizia ya juu. Mwisho unalegeza nati za paipu kwenye nozeli, mbili zinatosha kwa kuanzia, unarudisha kivuta cha kuzimia, unafungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, na dereva anapiga stata hadi dizeli iruke kwenye nati. Kaza, piga tena. Ukikuta dizeli inaruka kwenye nati zote na injini bado haitoi hata moshi, rudi uangalie nozeli.

Hapa nikuombe jambo kwa uzito wote. Usiweke kamwe kidole mbele ya nozeli inayopuliza au paipu iliyopasuka ili "uone nguvu yake". Nozeli hizi zinafunguka kwa shinikizo linalofika karibu mara mia mbili ya shinikizo la hewa, na dizeli inayotoka inapenya ngozi kama sindano. Kidonda kitaonekana kidogo, kama umechomwa mwiba, lakini ndani nyama inaharibika. Mtu akipata hilo aende hospitali saa hiyo hiyo na aseme wazi kwamba ni dizeli ya shinikizo, asisubiri mkono uvimbe. La pili ni kupiga stata kwa bisibisi ukiwa umesimama kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ukiunganisha umeme pale kwenye stata, unaruka kinga zote, na kama gia imeingia, trekta linawaka na kukupita juu. Wanaofanya hivyo ni madereva wazoefu, siyo wageni.

Msomaji wangu mmoja wa Mbeya mjini, mzee anayetunza Peugeot 404 ya zamani ya petroli, aliniuliza kama haya yanamhusu. Gari lake ni la ule ukoo ulioshinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, na kila anayepita pale anakumbushwa hivyo, apende asipende. Baadhi ya 404 zilitoka na pampu ya injekta badala ya kabureta, na lake ni mojawapo. Nilimjibu kwamba swali la kwanza ni lile lile, ila kwa petroli huliulizi moshi, unaiuliza plagi. Piga stata, kisha chomoa plagi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, tafuta cheche. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: washa ufunguo bila kupiga stata na usikilize kama pampu ya umeme inayoleta petroli inanguruma, kisha angalia ule mkanda wa meno unaozungusha pampu ya injekta kama haujakatika. Na petroli siyo dizeli. Usijaribu kulegeza paipu zake karibu na injini ya moto.

Nimalizie na trekta ambalo kweli pampu ndiyo mgonjwa, kwa sababu yapo, na dalili yake ni kinyume cha ile ya Mufindi. Isimani ni kukavu na jua lake mnalijua. Kuna mkulima kule ambaye Massey yake ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, inalima mpaka saa saba, anazima ale, na akirudi haiwaki mpaka jioni ipoe. Stata inazunguka kwa kasi, lakini moshi hakuna. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, na kama vyuma vya kichwa cha pampu vimelika, ile dizeli nyepesi inapenya kurudi nyuma badala ya kwenda kwenye nozeli. Kwa mwendo wa taratibu wa stata, pampu haifikishi shinikizo.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa na imekataa kuwaka kwa sababu ya joto, loweka kitambaa, kikamue, ukizungushie pampu, ukibadilishe mara kadhaa kwa dakika kumi au kumi na tano. Usiimwagie ndoo ya maji ya baridi, chuma cha moto kinaweza kukwama. Kisha piga stata. La Isimani liliwaka mara moja. Tulirudia siku iliyofuata, likafanya vile vile, na hapo nikamwambia mzee, "Baba, hii sasa ni pampu kweli. Panga fedha."

Tulipanga aendelee hivyo hivyo msimu ule, bila kuzima injini mchana, na apeleke pampu baada ya kupanda. Ukifika hatua hiyo, mwambie fundi aangalie alama iliyoko kwenye ukingo wa pampu na ile ya injini pale zinapokutana kabla hajalegeza boliti hata moja, na kama hazionekani achore yake kwa patasi. Pampu ikirudishwa imepinda kidogo na alama, dizeli itapulizwa mapema au kuchelewa, na utarudi kwenye moshi mweupe ukidhani umeibiwa. Paipu na matundu yote yazibwe kwa plastiki safi, siyo matambara. Chagua karakana yenye benchi ya kupimia pampu, uombe kipimo cha kabla na cha baada, na uombe vipuri vya zamani urudi navyo. Na nozeli zipelekwe safari hiyo hiyo zipimwe, maana nauli umeshalipa.